Lami ikifika Mhunze, mwenye baiskeli atapita wapi?

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kahama chama gani, tuongee barabara. Najua wengi mkisikia barabara mnawaza mashimo, mkandarasi na hela zimeliwa na nani. Mimi nataka kuuliza kitu kingine kabisa. Hiyo barabara ikishakamilika, ni ya nani?

Kwa ambao hamjafika huku, Mhunze ndio makao makuu ya wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Ukitoka Shinyanga mjini unafuata barabara kuu ya Mwanza mpaka Kolandoto, pale unakunja kulia, unashika njia ya kwenda Lalago na Mwanhuzi, ile inayoendelea hadi daraja la Sibiti kuelekea Singida. Ni nchi ya pamba, mtama, choroko na ng'ombe. Na ni nchi ya baiskeli. Watani zetu wanatucheka kwamba Msukuma akiuza pamba kitu cha kwanza ni Phoenix, cha pili redio. Wacheke tu, lakini hiyo Phoenix imepeleka wagonjwa zahanati, imebeba magunia, madumu ya maji na mbuzi, na imesomesha watoto.

Njia hiyo kuwekwa lami ni habari tuliyoisikia kila uchaguzi, na imo kwenye mipango. Mimi naitaka lami, nisieleweke vibaya. Vumbi limetutesa kifua, masika yanatukata na hospitali. Ila nimekaa nikajiuliza, tumejiandaa vipi na kitu kinachokuja pamoja na lami? Kitu chenyewe kinaitwa spidi.

Njoo Mhunze siku ya mnada uone barabara inavyotumika. Kuna Fuso la mzigo, kuna Noah na michomoko inayogombania abiria, kuna bodaboda, kuna baiskeli zenye magunia nyuma, kuna mkokoteni wa maksai, kuna punda na madumu, kuna ng'ombe wanaopelekwa mnadani, kuna mama kabeba beseni kichwani na mtoto mgongoni, kuna wanafunzi. Wote hao njia moja. Na kwa kiasi kikubwa tunaelewana! Sio kwamba sisi ni wastaarabu kuliko watu wa Dar. Penye changarawe na makorongo dereva hawezi kukimbia hata akitaka, atavunja springi. Shimo ndio trafiki wetu, halina likizo na halichukui kitu kidogo.

Sasa weka lami hapo. Dereva yule yule, gari lile lile, mama yule yule mwenye beseni. Kilichobadilika ni kwamba gari lililokuwa linakwenda 30 sasa linakwenda 80. Tupige hesabu, hii ni fizikia ya sekondari tu. Gari likiwa kwenye spidi 30 linasogea kama mita 8 kwa sekunde. Kwenye 80 linasogea mita 22 kwa sekunde. Yaani kabla dereva hajagusa breki, ile sekunde moja tu ya kushtuka, ameshakula mita 22. Na breki yenyewe ina sheria yake: spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Mtoto aliyezoea kuvuka akiona gari "liko mbali" atakuwa anapima kwa jicho la zamani.

Hili sio la kubuni. Wenzetu wa Kolandoto na Maganzo wanakaa kwenye barabara kuu, waulizeni. Na Tanzania nzima mtindo ni mmoja: lami inapita kijijini, watu wanafurahi, mtoto anagongwa, wananchi wanapanga mawe na magogo barabarani kwa hasira, polisi wanakuja, kisha ndipo matuta yanajengwa. Matuta yetu mengi yana kaburi lake. Swali langu ni kwa nini sisi Mhunze nasi tusubiri kulipa hiyo bei wakati tunaijua.

Niseme na langu. Siku moja jioni nilikuwa kwenye baiskeli, barabara ya lami, kigiza kinaingia. Nyuma ukaja mchomoko umejaza, honi moja ndefu. Nikatoka. Sasa ile lami pembeni ilikuwa imeliwa, ukingo umeacha ngazi kama shubiri nzima kwenda chini kwenye mchanga. Tairi la mbele likazama, nikaruka na usukani. Mkono ulivimba wiki mbili. Dereva alisimama, sitamnyima hiyo, akashuka.

"Dogo, si nimekupigia honi?"

"Kaka, ningeenda wapi?"

Hakuwa na jibu, na mimi sikuwa na taa. Wala rifleka. Koti langu lilikuwa jeusi. Kwa hiyo tulisimama pale wawili, kila mmoja ana kosa lake, na barabara ambayo haikumpa hata mmoja wetu nafasi ya kukosea bila kuumizana. Nimelifikiria sana lile swali la honi. Kwa dereva wetu honi haina maana ya "nipo", ina maana ya "toka". Ukigongwa baada ya honi, umejitakia. Hebu fikiria mtu aingie na panga sokoni anapiga kelele "nakata huyo!", halafu aliyekatwa aambiwe si ulisikia.

Wapo watakaosema mambo ya baiskeli yamepitwa na wakati, siku hizi ni bodaboda. Ni kweli mambo yamebadilika. Zamani Shinyanga mjini na Kahama ukisema daladala watu walikuwa wanaelewa baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma. Na neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, kubeba watu na mizigo kuvuka "boda". Pikipiki za bei nafuu za Kichina na Kihindi zilipoingia kwa wingi, vijana wengi wakahama pedali. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, biashara ikatambulika rasmi. Bajeti ya 2021/22 ikashusha faini za bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Haya yote yalitokea kwa sababu vijana wa bodaboda ni wengi, wana umoja na wana kura. Sawa kabisa, ni haki yao.

Lakini mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu nani anawasemea? Hawana chama mlangoni kwa mbunge, hawana stika, hawalipi ushuru wa maegesho, kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali ni kama hawapo. Na ndio wengi! Hata huyo bodaboda abiria wake akishuka anakuwa mtembea kwa miguu. Hata mheshimiwa akifungua mlango wa V8 yake, anatembea kwa miguu mpaka ofisini.

Takwimu za dunia zinasema hivyo hivyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2023 ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Vifo tisa kati ya kila kumi vinatokea nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu, ambako magari, ukilinganisha na idadi ya watu, ni machache kuliko kwao. Magari machache, vifo vingi. Hapo ujue tatizo sio wingi wa magari.

Na tusiende mbali. Agosti 2022, pale Mwakata wilayani Kahama, mkoa huu huu wetu, ajali moja ya usiku iliyohusisha lori, Hiace, trekta na gari dogo iliua karibu watu 20. Mimi sio mpelelezi, chanzo wanakijua wenye kazi yao. Nataka muangalie tu orodha ya vyombo. Lori la masafa marefu, gari la abiria, na trekta linalotembea polepole, vyote kwenye kipande kimoja cha lami, usiku. Hiyo ndio barabara ya Kanda ya Ziwa. Tunavichanganya vitu vyenye spidi tofauti kabisa halafu tunaviambia "muwe makini".

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi zaidi. Mnazijua zile alama za X nyekundu kwenye nyumba? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Watu wamevunjiwa vibanda, wengine nyumba kabisa, kupisha hizo mita 60. Haya, chukueni futi kamba mkapime lami yenyewe. Barabara ya kawaida ya njia mbili ni kama mita 7, ongeza bega mita moja na nusu kila upande, ni mita 10. Zinabaki 50. Kwenye mita 50 zilizobaki hakuna mita mbili za kijana wa Phoenix? Hakuna mita mbili za mwanafunzi? Hapo usiniambie ardhi haitoshi. Ardhi ilishachukuliwa kwa jina la barabara, na mwenye miguu hakuonwa kama sehemu ya barabara.

Jibu la haraka la wataalam ni hela. Nchi maskini jamani, tukijenga njia ya baiskeli lami itaishia nusu. Hoja hii ina uzito, lakini naomba niivunje taratibu.

Kwanza, njia ya miguu haihitaji lami nene ya kubeba lori la tani 30. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri na mfereji wa maji unatosha kwa kuanzia. Greda lipo pale pale, kifusi kipo pale pale. Ghali ni kurudi miaka kumi baadaye kubomoa na kupanua, hasa madaraja na makalvati. Kalvati likishamwagwa zege jembamba, limekwisha. Na pale kwenye kalvati jembamba ndipo baiskeli na Fuso wanapokutana uso kwa uso.

Pili, yapo mambo madogo yaliyofanyika humu humu nchini. Pale Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule za msingi zenye ajali nyingi, likaweka njia za miguu, matuta, zebra, vibao, hata kuhamisha geti la shule lisitazame barabara moja kwa moja. Sio mabilioni. Mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulipunguza watoto wanaoumia kwa takriban robo kwenye maeneo uliyofika, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Na mabasi ya mwendokasi, awamu ya kwanza ya kilomita 21 iliyoanza kutoa huduma 2016, ilijengwa ikiwa na njia za miguu na za baiskeli pembeni tangu kwenye mchoro. Jiji likapata tuzo ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Kwa hiyo wahandisi wetu wanajua. Wakiambiwa wachore, wanachora. (Kwamba bodaboda na wamachinga nao wanaingia kwenye hizo njia ni kweli, na ni somo pia: njia bila usimamizi inageuka kuwa gulio.)

Tatu, kuna mfano wa kutisha wa majirani. Kenya waliifungua barabara kuu ya Thika mwaka 2012, kilomita kama 50, njia nane sehemu kubwa, Afrika Mashariki nzima tukaionea wivu. Lakini mtu wa ng'ambo ya barabara bado alitaka kwenda sokoni ng'ambo ya pili. Madaraja ya miguu yakawa machache na yako mbali, watu wakawa wanakimbia katikati ya magari na wengi wakafa. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ikaandika sera nzuri ya watembea kwa miguu na baiskeli, ikasema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende huko. Karatasi nzuri, ila lami na zege vilishatangulia kumwagwa. Mkisubiri sera ije baada ya zege, mmechelewa.

Na wale mnaosema "Uholanzi wana baiskeli kwa sababu ni matajiri", nendeni mkasome kidogo, mpo kwenye kompyuta tayari. Mwaka 1971 Uholanzi watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Magari yalikuwa yameteka miji yao kama yanavyoteka yetu. Wazazi wakaingia mitaani kuandamana wakisema muache kuua watoto. Ikaja shida ya mafuta ya 1973, serikali ikafungia magari siku za Jumapili, watu wakaonja mtaa usio na gari. Waliamua, hawakuzaliwa hivyo. Na sisi tuna historia yetu, waulizeni wazee: enzi za Mwalimu, mafuta yalipokuwa shida, magari binafsi yalikuwa marufuku Jumapili kuanzia saa nane mchana. Rwanda nao tangu 2016 wanafunga baadhi ya barabara za Kigali Jumapili asubuhi, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Kwa hiyo serikali inaweza kumwambia mwenye gari subiri kidogo, na mbingu hazidondoki.

Mhunze hatuhitaji kufunga barabara. Mimi kwa mtazamo wangu tunahitaji mambo matano, na yote yadaiwe KABLA mkandarasi hajamwaga kokoto sehemu ya mji wetu:

1. Njia ya miguu na baiskeli pande zote mbili, sehemu yote yenye makazi, shule, zahanati na mnada. Itenganishwe na lami kwa mfereji au mawe, isiwe bega la lami ambalo Noah atalitumia kupakia abiria.

2. Makalvati na madaraja yawe mapana, mtu na baiskeli yake wapite bila kuomba.

3. Matuta, zebra na vibao vya 50 vije siku moja na lami, sio baada ya msiba. Na mbele ya shule iwe 30.

4. Eneo maalum la kupakia na kushusha la michomoko na bodaboda. Nusu ya vurugu za siku ya mnada ni magari kusimama popote.

5. Mapito ya ng'ombe na punda yapangwe. Ng'ombe hasomi kibao, na mfugaji naye ni mwananchi.

Nani wa kudaiwa? Hapa vijana wengi tunapotea, tunamlalamikia mwenyekiti wa kijiji kwa kitu kisicho chake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, kwa hiyo huyo ni meneja wa mkoa pale Shinyanga. Barabara za ndani za mji na vijijini ni za TARURA tangu 2017. Leseni za magari ya abiria na bodaboda ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Spidi na ulevi ni polisi wa usalama barabarani. Diwani na mbunge kazi yao ni kuhakikisha hao wote wanasikia, na diwani anayo meza ya kulisemea kwenye baraza la halmashauri. Ukienda kwenye mkutano wa hadhara ukasema "barabara ni mbovu" utapigiwa makofi na kusahauliwa. Ukisema "kalvati la pale karibu na shule liwe na upana wa kupitisha baiskeli pembeni", utaandikwa kwenye muhtasari. Halafu mwezi unaofuata unauliza muhtasari umefika wapi.

Na sisi wenyewe tusijifanye malaika. Mwenye baiskeli, nunua rifleka, bei yake haifiki soda chache, na ukiwa na gunia pana usiendeshe katikati usiku. Mnaoenda wawili wawili mkipiga stori, mkisikia gari nyuma jipangeni mstari. Mtembea kwa miguu, kama hakuna njia yako, tembea upande wa kulia ulione gari linalokuja, na earphone toa sikio moja. Bodaboda, ndugu zangu, mshikaki wa watu watatu na taa moja ya kuungaunga sio ujanja, na wewe ni wa kwanza kuumia. Dereva, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haijasema barabara ni ya mwenye injini kubwa. Inampa mtembea kwa miguu haki ya kwanza kwenye zebra, na spidi 50 kwenye makazi. Wengi wenu mmekulia kwenye baiskeli hizi hizi, mnasahau haraka tu.

Kuna mtu ataniambia, wewe unaleta mkosi, lami haijafika umeshaanza kuhesabu ajali. Nimekubali kuitwa mkosi. Dogo wa darasa la pili anayevuka kwenda shule asubuhi hajui TANROADS ni nini, anajua tu kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena kama mwalimu alivyomfundisha. Yeye ameshatimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yetu, na mchoro ukiwa bado ni karatasi kuubadilisha kunahitaji kalamu tu.

Walioko Maganzo, Kolandoto, Kahama, Geita na kwingine ambako lami ilishafika, tuambieni ilikuwaje. Nini mngedai mapema kama mngejua? Na mhandisi kama upo humu, tusahihishe kwa hoja, matusi hapana.